Mwongozo wa Kula Katika Mgahawa wa Kiajemi, Mtaa wa Westwood, Los Angeles

Mswahili anayeingia kwa mara ya kwanza katika mgahawa wa Kiajemi huwa na faida na hasara kwa pamoja. Faida yake ni kwamba karibu kila kitakacholetwa mezani anakifahamu kwa kiasi fulani: wali, mishkaki, mchuzi, bilinganya, mtindi, achari na chai ya rangi. Hasara yake inatokana na jambo hilohilo, kwa kuwa hudhani kwamba chakula hicho amekwisha kukijua, huagiza nyama ya kuchoma peke yake kama ambavyo angefanya Forodhani, hula akashiba, na kuondoka bila kugusa vile vyakula ambavyo Waajemi wenyewe hutoka majumbani mwao kuvifuata. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Unafuata hali ya migahawa ya Los Angeles, ambako Wairani ni wengi na ushindani wa jikoni ni mkali, lakini sehemu kubwa ya maelezo yake itamfaa pia msomaji aliye Toronto, London au Dubai.

Hatua ya kwanza: Chagua mtaa, kisha siku

Wairani wengi walifika Los Angeles wakati wa mapinduzi ya 1979 na katika miaka iliyofuata, na kipande cha barabara ya Westwood Boulevard kilicho kusini ya chuo kikuu cha UCLA kikawa soko lao la vitabu vya Kiajemi, viungo, mikate, aiskrimu na vyakula vilivyopikwa. Mwaka 2010 jiji liliipa njia panda ya Westwood na Wilkins Avenue jina la Persian Square, ingawa kwa miaka mingi kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuuita mji wao Tehrangeles. Mgeni aanzie hapa, kwa sababu migahawa imekaribiana na anaweza kupita kwa miguu akichungulia ndani kabla ya kuamua. Dalili ninayoiamini mimi ni meza zenye wazee na watoto pamoja. Bibi wa Kiirani hakubali kulipia wali ulioshindwa na ule anaoupika mwenyewe nyumbani, kwa hiyo mahali anapokubali kukaa panastahili kuaminiwa kuliko sifa zilizobandikwa dirishani.

Mitaa mingine ina desturi zake. Kwenye Pico Boulevard iko migahawa ya Wayahudi wa Kiirani inayofuata sheria za kosher. Huko nyama na maziwa havikutani mezani, kwa hiyo usitegemee siagi juu ya wali wala bakuli la mtindi kando ya kabab, na ukienda Ijumaa jioni au Jumamosi mchana utakuta milango imefungwa kwa ajili ya Sabato. Glendale wanakaa Waarmenia wengi waliotoka Iran, ambao sifa yao ni ya kuchoma nyama zaidi ya kupika michuzi. Katika bonde la San Fernando, upande wa Encino na Woodland Hills, familia nyingi za Kiirani zimehamia, na migahawa imewafuata hukohuko.

Kuhusu halali, usikisie. Wairani wa Los Angeles ni Waislamu, Wayahudi, Wakristo, Wabahai na wasiofuata dini yoyote, na ipo migahawa inayouza mvinyo na bia pamoja na chakula. Asiyekula isipokuwa halali apige simu mapema na aulize kuhusu kondoo, ng'ombe na kuku kila mmoja peke yake, kwa kuwa jibu la mmoja si lazima liwe jibu la wote.

Ama siku, mchana wa Jumamosi au Jumapili ndio unaofaa, kwa sababu hapo ndipo familia hutoka na masufuria ya wali hupikwa moja baada ya jingine bila kukaa. Epuka siku za Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi unaoangukia tarehe 20 au 21 Machi, isipokuwa umeweka nafasi mapema. Ndiyo Nairuzi ambayo watu wa Makunduchi huihusisha na Mwaka Kogwa wao, na shamrashamra zake ni za kiwango hichohicho. Nenda na watu wasiopungua watatu. Meza ya mtu mmoja hulazimika kuchagua kati ya mchuzi na kabab, ilhali meza ya watu wanne hupata vyote na kugawana.

Hatua ya pili: Pokea mkate na majani, lakini usishibe

Mara utakapoketi, mhudumu ataleta mkate, na mara nyingi pamoja nao kitunguu kibichi na vipande vya siagi. Mkate unaweza kuwa lavash, ambao ni mwembamba na laini, au sangak, mkate mrefu uliookwa juu ya changarawe za moto na wenye vishimo vilivyoachwa na mawe hayo. Ukiambiwa sangak imetoka tanurini sasa hivi, kubali bila kuuliza swali la pili.

Kinachomshangaza mgeni ni sahani ya majani mabichi iitwayo sabzi khordan: nanaa, rehani, tarkhuni, figili, vitunguu vya majani, na pembeni kipande cha jibini nyeupe na njugu za jozi zilizolowekwa. Watu wengi huiona kuwa ni pambo na kuiacha hadi inanyauka. Kata kipande cha mkate kinachoenea kiganjani, weka jibini kidogo, majani mawili ya nanaa, jani moja la rehani na nusu ya jozi, kunja, ule. Sahani hiyo haiondolewi vitangulizi vinapokwisha. Hukaa mezani mpaka mwisho, na jani la rehani huliwa katikati ya matonge ya kabab ili kuuondoa mdomoni uzito wa mafuta. Migahawa mingine huitoa bure na mingine huitoza, kwa hiyo uliza.

Kwa meza ya watu wanne, vitangulizi viwili vinatosha. Cha kwanza kiwe kashk-e bademjan, bilinganya iliyokaangwa na kupondwa, ikamwagiwa kashk, ambayo ni maziwa yaliyochacha, yakachemshwa na kukaushwa mpaka yakawa na chumvi na ukali wake wenyewe, kisha juu yake zikawekwa nanaa kavu na vitunguu vilivyokaangwa. Cha pili kiwe mast-o musir, mtindi mzito uliochanganywa na kitunguu cha mlimani chenye harufu ya kitunguu saumu kilichopoa makali. Mirza ghasemi, bilinganya ya kuchoma yenye nyanya, mayai na kitunguu saumu kutoka mkoa wa Gilan, ni nzuri pia, lakini hakuna haja ya bilinganya mbili katika meza moja.

Hatua ya tatu: Agiza wali kabla ya nyama

Orodha ya vyakula katika migahawa hii aghalabu huzipa kabab nafasi ya mbele, na wali ukaonekana kama kitu kinachofuatana nazo tu. Usiufuate mpangilio huo. Katika upishi wa Kiajemi, wali ndio unaopewa saa nyingi na uangalifu mwingi kuliko chochote, na mgahawa ulioshindwa kupika wali hauokolewi na nyama nzuri.

Zipo namna mbili za kuelewa. Chelo ni wali mweupe unaopikwa peke yake, ukaliwa kwa mchuzi au kabab. Polo ni wali uliopikwa pamoja na vitu vingine, kwa mpango unaofanana na pilau, ila viungo vyake ni vipole na ladha yake hutokana zaidi na matunda, majani au nafaka zilizochanganywa humo. Chelo huanza kwa mchele mrefu, ambao Iran hulimwa Gilan na Mazandaran kando ya Bahari ya Kaspi, na ambao Los Angeles nafasi yake hushikwa na basmati. Huoshwa mpaka maji yatoke angavu, hulowekwa katika maji ya chumvi kwa saa kadhaa, kisha hutokoswa katika maji mengi hadi punje ilainike nje na kubaki na kiini kigumu ndani, na hapo humwagwa chujioni. Sufuria hutiwa mafuta, na chini yake hupangwa mkate wa lavash, au vipande vya viazi, au wali uliokorogwa na mtindi na zafarani. Wali uliobaki hurundikwa juu kama kichuguu, hutobolewa mashimo kwa mpini wa mwiko ili mvuke upite, mfuniko huvikwa kitambaa cha kunyonya matone, na moto hupunguzwa kwa muda unaokaribia saa nzima. Punje hutoka ndefu, nyepesi, zimeachana, na juu yake hutiwa kijiko cha wali wa manjano uliotiwa rangi kwa zafarani iliyosagwa na kulowekwa. Ukiona punje zimegandana au zimekatikakatika, hiyo ni habari ya kutosha kuhusu jiko hilo.

Ule ukoko uliojitengeneza chini ya sufuria huitwa tahdig, na ndio unaogombewa zaidi katika chumba kizima. Pwani yetu ukoko hukwanguliwa na watoto jikoni wageni wakiwa wamekwisha kula, ilhali kwa Waajemi hutolewa kwanza na kuwekwa mbele ya mgeni. Migahawa ya Los Angeles huuza tahdig kama kitangulizi, imekatwa vipande na kumwagiwa mchuzi juu. Iulizie papo hapo unapoketi, kabla ya kufungua orodha ya vyakula, kwa maana kila sufuria ina chini moja tu, na ikiisha imekwisha mpaka sufuria nyingine iive. Uliza pia ni ya mkate, ya viazi au ya wali. Mimi huchagua ya wali kila inapopatikana, kwa sababu ndiyo ngumu zaidi kuipatia. Tahdig njema ni ya rangi ya dhahabu iliyokolea kwa usawa, hukatika kwa mlio, na haiachi dimbwi la mafuta sahanini. Mwombe mhudumu alete mchuzi wake katika bakuli la pembeni, kwa kuwa ukimwagwa juu ukoko hulainika kwa dakika chache, na ule mlio uliouagiza hutausikia.

Kwa upande wa polo, anayeanza achague baghali polo, wali wa shibiti na maharage mapana ya kijani, unaoletwa na muundi wa kondoo uliopikwa mpaka nyama ikaanza kuachana na mfupa. Zereshk polo, yenye kuku na vitunda vidogo vyekundu vikavu vyenye uchachu, huwapendeza watoto. Albalu polo, ambayo ni wali wa cheri chachu, inafaa kungoja safari nyingine, kwa sababu utamu wake huwashinda wengi wetu tuliozoea kwamba wali ni wa chumvi. Mara nyingi aina fulani za polo hupikwa siku maalumu tu za wiki, na mhudumu anayejua kazi yake atakueleza ya leo kabla hujauliza.

Hatua ya nne: Chagua mchuzi mmoja mchachu, na uache kuomba pilipili

Mchuzi mzito wa kulia wali huitwa khoresh, na hapa ndipo ulimi wa Mswahili unapohitaji kuzoezwa kidogo. Hakuna nazi, na pilipili ni nadra. Kinachoshika nafasi yao ni uchachu, ambao mpishi wa Kiajemi huutafuta kwa njia nyingi: ndimu kavu, rojo la komamanga, zabibu mbichi, zereshk, na achari iitwayo torshi. Anayeomba pilipili kabla ya kuonja huufunika uchachu huo, na kisha hulalamika kwamba chakula hakina ladha.

Ghormeh sabzi ndiyo khoresh ya kuanzia. Ni majani mengi ya parsley, kotmiri, uwatu na vitunguu, yaliyokatwa laini sana na kukaangwa kwa muda mrefu, kisha yakapikwa na nyama, maharage mekundu na ndimu zilizokaushwa zima. Ndimu hizo Waajemi huziita limu amani, ndimu za Oman, na wasomaji waliokulia Maskati watazitambua kwa harufu kabla ya kuziona. Ikipatikana moja katika bakuli lako, ibonyeze kwa mgongo wa kijiko ili itoe maji yake kwenye mchuzi, na mbegu ziache, maana ni chungu. Ubora wa ghormeh sabzi huonekana kwa macho. Ikiwa ni ya kijani kilichokolea kinachokaribia weusi, na mafuta yameanza kujitenga juu, majani yalikaangwa ipasavyo na mchuzi ulipewa muda. Ikiwa ni ya kijani cha kung'aa, ilipikwa kwa haraka, na utaonja ubichi wa uwatu.

Fesenjan ni mchuzi wa jozi zilizosagwa na rojo la komamanga, mzito na wa rangi ya kahawia, unaopikwa kwa kuku au bata. Watu wa Gilan huupenda mchachu, na kwingineko hutiwa utamu. Uliza kabla ya kuagiza, kwa maneno mawili ambayo kila mhudumu wa Kiajemi atayaelewa: torsh, yaani mchachu, au shirin, yaani mtamu. Mwenye mzio wa njugu aukwepe kabisa, na awaeleze jikoni hali yake mapema, kwa kuwa jozi, lozi na pistashio huonekana katika vyakula vingi vya Kiajemi ambavyo jina lake halivitaji. Gheymeh, ya dengu za njano na nyama, yenye vibanzi vya viazi juu, haina ugumu wowote na huwafaa wasiopenda kujaribu. Asiyekula nyama asidhani kwamba khoresh ya majani haina nyama. Mara nyingi ina nyama ndani, na hata supu nzito ya ash reshteh, yenye tambi, dengu na majani, inaweza kuwa imepikwa kwa supu ya mifupa.

Nyongeza moja kwa watu wa pwani: mahali popote utakapoona ghalieh mahi katika orodha, acha mengine uiagize. Ni mchuzi wa samaki kutoka Bushehr na Bandar Abbas, bandari za kusini zinazotazama Ghuba, wenye kotmiri, uwatu, ukwaju na, safari hii, pilipili. Hauonekani sana Westwood, ambako mapishi ya Tehran ndiyo yaliyotawala.

Hatua ya tano: Jaribu kabab kwa ile ya bei ndogo

Baada ya wali na mchuzi, kabab moja au mbili za kugawana zinatosha. Anza na koobideh, ambayo ni ya nyama ya kusaga na aghalabu ndiyo rahisi kwa bei, kwa kuwa ndiyo inayomfichua mpishi. Nyama ya kondoo au ng'ombe, au mchanganyiko wao, husagwa pamoja na kitunguu kilichokamuliwa maji, hukandwa mpaka ishikamane, kisha hubandikwa kwenye vijiti bapa vya chuma na kubonyezwa kwa vidole, vinavyoacha mabonde madogo ubavuni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vijiti hutandazwa juu ya makaa pasipo wavu, ncha zake zikishikiliwa na kingo za jiko, na mchomaji huvigeuza upesi mwanzoni ili nyama isidondoke. Ikifika sahanini, ikate kwa ubavu wa kijiko. Ikikatika bila kutumia nguvu na kuacha majimaji kidogo juu ya wali, jiko hilo linaaminika. Ikiruka kama mpira, au ikivunjika makombo, usiagize kabab ya ghali mahali hapo.

Barg ni sarara iliyokatwa nyembamba na kulowekwa katika maji ya kitunguu. Soltani ni kijiti kimoja cha barg na kimoja cha koobideh katika sahani moja, nayo ndiyo chaguo la busara kwa watu wawili. Joojeh ni kuku wa zafarani na ndimu. Iombe yenye mifupa, kwa sababu ya kifua kitupu hukauka upesi.

Hatua ya sita: Panga sahani yako, kisha ule kwa kijiko

Waajemi hula wali kwa kijiko cha mkono wa kulia na uma wa mkono wa kushoto, uma ukiwa na kazi ya kusukuma tu. Kisu hakihitajiki, na kula wali kwa mkono, ambako kwetu ni heshima ya chakula, migahawani huko si desturi. Unapokula chelo kabab, fanya hivi: fukua kishimo katika wali ukiwa bado unafuka, tia siagi na uifunike mpaka iyeyuke, nyunyiza somagh, ule unga mchachu wa rangi ya damu ya mzee uliomo katika kichupa mezani, ponda nyanya ya kuchoma na kuichanganya na wali, na baada ya hayo ndipo uweke kipande cha nyama. Tonge, kitunguu kibichi, jani la rehani, kisha tonge tena. Khoresh usiimwage yote juu ya wali kwa mara moja. Iteke kidogokidogo kandokando, ili kila kijiko kipate wali mkavu na mchuzi kwa kipimo ukitakacho.

Ukiagiza dizi, supu ya kondoo, dengu, viazi na nyanya inayoletwa katika kijungu chake pamoja na mchi mdogo, utakuta kwamba nusu ya kazi ya jikoni umeachiwa wewe. Mimina supu peke yake katika bakuli, chanachana mkate humo, uule kwanza. Kisha rudi kwenye kijungu, ponda nyama, dengu na viazi kwa mchi mpaka viwe uji mzito, na ule kwa mkate, torshi na kitunguu. Wahudumu wengi watajitolea kukupondea. Wakubalie mara ya kwanza uone jinsi wanavyofanya.

Hatua ya saba: Kunywa dugh pamoja na chakula, na chai baada yake

Dugh ni mtindi uliochanganywa na maji, chumvi na nanaa kavu, na mara nyingine huwa na gesi. Waliozoea maziwa ya mgando hawatapata shida nayo, ingawa chumvi yake huwashtua wanaotarajia kitu kitamu. Huteremsha vizuri mafuta ya kabab, na huleta usingizi, kwa hiyo anayeendesha gari asiendelee kujaziwa.

Chai huja baada ya sahani kuondolewa, nyeusi, katika bilauri ndogo iliyobana kiunoni, ili mnywaji aitazame rangi yake dhidi ya mwanga. Sukari haikorogwi ndani. Kipande kigumu huwekwa kati ya meno na chai hupitishwa juu yake. Ukipewa kijiti cha nabat, ambayo ni sukari mawe ya zafarani, hicho ndicho cha kukorogea. Kwa kitamu, chagua bastani, aiskrimu ya zafarani, maji ya waridi na pistashio yenye mapande ya malai yaliyoganda, au faluda ya Shiraz, ambayo ni nyuzi nyembamba za wanga zilizogandishwa katika shira na kuliwa kwa ndimu. Wakati wa Ramadhani tafuta zulbia, ndugu wa damu wa zalabia zetu.

Hatua ya nane: Lipa, hata ukiambiwa usilipe

Waajemi wana adabu iitwayo taarof, ambayo humtaka mtu ajishushe na kumkweza mwenzake kwa maneno yasiyokusudiwa kutekelezwa yote. Mwenye mgahawa akipokea kadi yako anaweza kusema "ghabel nadareh", maana yake ni kwamba kitu hiki si chochote mbele yako. Usimshukuru ukaondoka. Sisitiza, naye atakubali, na wote wawili mtakuwa mmetimiza adabu. Ukialikwa na Muirani, atakuongezea chakula kila sahani itakapokuwa tupu, kwa hiyo ukishiba acha wali kidogo. Vita vya kugombea bili kati ya wenyeji huwa vya kweli, na watu wazima hushikana mikono mbele ya mhasibu. Ukikusudia kulipa wewe, inuka mapema kana kwamba unakwenda kunawa, na umalize jambo hilo huko mbele.

Los Angeles bili huongezewa kodi ya mauzo inayokaribia asilimia 10, na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ndiyo inayotarajiwa. Kundi kubwa lisome bili kwa makini, kwa kuwa baadhi ya migahawa huwa imekwisha kuijumlisha. Unapomshukuru mhudumu, "merci" inatosha, kwa sababu Wairani wenyewe huitumia kila siku. Ukitaka kumfurahisha zaidi mwambie "daste shoma dard nakone", dua ya kwamba mkono wake usiume, naye atakujibu "nush-e jan", yaani chakula kikuburudishe roho.

Vilivyobaki vifungiwe, na hakuna anayeona aibu kwa hilo. Khoresh huwa tamu zaidi siku ya pili. Wali unyunyizie maji kidogo, uufunike na kuupasha kwa moto mdogo. Kabab hukakamaa, kwa hiyo ileni kwa mkate mkiwa bado njiani. Tahdig haibebeki kabisa, maana hulainika ndani ya kisanduku kabla hujafika kwenye gari, na kipande cha mwisho inafaa kigawanywe pale pale mezani.